Wasio na Nundu

Jumanne ni siku ya kupima nyasi.
Navaa buti, nashika kipimio chenye sahani,
naikata miteremko ya Nant-y-frân uzio kwa uzio,
nasikiliza klik, klik, sahani ikikalia majani.
Kitalu cha kanisani kimelowa, cha mtoni kimejaa klova,
cha juu kinachelewa kama kitinda mimba.
Majani matatu kwenye shina, ndipo ng'ombe waingie.
Mawili ni wizi. Manne ni uvivu.
Hayo kanifundisha Delyth Bebb, mwenye shamba,
anayesema na mvua kwa Kiwelisi
na mimi kwa vidole.

Kwetu Makete mama alikuwa na ng'ombe mmoja, Sikujua.
Asiposhika mimba mwaka huu, tulimngoja mwakani.
Ng'ombe haelemewi na nunduye, mama alisema,
akamwongezea mabua.

Hawa wa Wales hawana nundu.
Kinachowaelemea ni kalenda:
wiki kumi na mbili za kupandisha, basi,
ili wazae nyasi zinapoamka,
kiwele na malisho vijae pamoja.
Atakayekosa atapanda lori.

Kila mkia tuliupaka rangi ya chungwa.
Ng'ombe akipandwa na wenzake rangi hufutika;
ndiyo barua yake.

Wiki ya kumi na mbili, jioni, rangi ya 317 ilifutika.
Nilimwona kwa macho yangu amesimama tuli,
kidevu cha mwenzake mgongoni.
Mara mbili alikuwa amerudia joto. Hii ilikuwa ya mwisho.
Mvua ilinyesha, daftari likalowa,
mkono wangu ukaandika 371.

Asubuhi lango likamtenga 371.
Emrys akaja na mtungi unaofuka baridi,
akauficha mrija chini ya shati upate joto la mtu,
akamhamilisha ng'ombe ambaye hakuomba,
mwenye mimba tayari, tangu Juni.
(Mimba haikutoka. Sijui nimshukuru nani.)
317 akapita mbele yetu kwenda malishoni,
nusu siku yake ikaisha akitafuna.

Septemba, mtu wa mashine akatikisa kichwa.
Tupu.

Nilimwambia Delyth jikoni, buti nimeziacha mlangoni.
Akafungua daftari, akaweka kidole juu ya saba,
kisha juu ya moja.
Hakunifokea. Ingekuwa nafuu.
Alisema nyasi hazikopeshi, na benki ndivyo hivyo,
akanimiminia chai.
Lori lilikuja Alhamisi.
317 alipanda bila kusukumwa; alikuwa mpole,
wa kwanza siku zote kuingia kukamuliwa,
chuchu ya nyuma kushoto fupi kidogo.

Februari, saa tisa usiku, matope yameganda.
371 amelala ubavu, kwato mbili zinachungulia,
nyayo zimetazama chini, vizuri.
Kamba juu ya vifundo; navuta akisukuma,
napumzika akipumzika, hatuoneani haya.
Ulimi kwanza, wa buluu, kisha pua,
kisha mtoto mzima anateleza kama gunia la maji moto.
Namchokonoa pua kwa unyasi. Chafya.
Mtamba.
Iodini kitovuni, dang'a lita tatu,
mama anamlamba huku akinguruma chini kwa chini,
sauti ambayo Sikujua naye alikuwa nayo.

Nafungua daftari.
Siku hizi kila nambari naiandika mara mbili,
kwa tarakimu na kwa maneno, kama hundi:
371, mia tatu sabini na moja, jike, mzima.
Halafu pembeni, pasipo na safu ya kitu chochote,
mia tatu kumi na saba.
Delyth ameshaliona. Halifuti.

Kunakucha. Anasimama ukingoni mwa kitalu cha juu,
kigingi cha uzio begani, ameinama,
anahesabu.
Ananyanyua kidole kimoja, kisha anakikunja cha pili katikati.
Jani moja na nusu.
Bado.